Mwanafunzi wa Mbuji na Lugha ya Patholojia

Mtoto wa Mbuji, wilayani Mbinga, huanza kusema kwa Kimatengo, husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na aingiapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Akifika shahada ya kwanza ya udaktari, patholojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyobadili seli na viungo, huipata kwa lugha hiyo ya tatu. Tuseme anahitimu na kupangiwa kazi mwambaoni, huko Liuli. Mbele yake yupo mama asiyejua Kiingereza, na mtoto aliyevimba taya. Ni nani aliyemfunza kumweleza mama huyo kilichoonekana kwenye hadubini?

Mfano wa taya haukuteuliwa ovyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ilibainika kwamba ugonjwa huo hupatikana zaidi nchi za chini zenye joto na mvua, na huadimika milimani. Kwa kanuni hiyo, hatari ya mtoto wa Liuli haitarajiwi kuwa sawa na ya mtoto wa milima ya Umatengo, ijapokuwa sehemu zote mbili zilikuwa wilaya moja kabla ya Nyasa kumegwa.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, walitangaza kuona kirusi ndani ya seli zilizotoka Uganda. Mwaka 1984 jenomu yake ilichapishwa yote, herufi zipatazo 172,000. Hapa ndipo inapoingia bioinfomatiki ya tiba, yaani usomaji wa taarifa za uhai kwa kompyuta; na hapa ndipo mwanaisimu hujikuta nyumbani. Wanabiolojia walikopa kwake: DNA ina herufi nne, hunakiliwa kuwa RNA, nayo hutafsiriwa kuwa protini. Kompyuta huweka mifuatano miwili sambamba na kuhesabu tofauti, kazi ambayo mlinganishi wa lahaja huitambua mara moja. Dai kwamba Kiswahili hakina istilahi za fani hii, basi, hulegea palepale palipodhaniwa pagumu.

Ugumu uko kwingine, katika neno la kawaida kabisa. "Uvimbe" hutumika kwa jipu, kwa jino bovu, na kwa saratani. Mama akiambiwa mwanawe ana uvimbe, aweza kurudi nyumbani kungoja upoe. Kumbe saratani ya Burkitt ni miongoni mwa zinazokua upesi kupita zote, na pia miongoni mwa zinazoitikia dawa vizuri. Siku chache zina uzito. Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003 iliianza kazi ya istilahi, lakini kamusi haifundishi sentensi. Wanapatholojia husema kwamba seli za ugonjwa huu, zikisongamana pamoja na madoa meupe katikati, hufanana na anga la usiku lenye nyota. Mvuvi wa Nyasa angeielewa picha hiyo bila mkalimani, ila mhitimu hakuwahi kutakiwa kuitamka kwa Kiswahili.

Wapo wanaojibu kwamba hazina za data za jenomu zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba daktari asiyekijua atatengwa na wenzake duniani. Ni kweli, wala hakuna haja ya kukiondoa. Linalopendekezwa ni dogo zaidi: kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, katika mtihani wa patholojia, apewe ripoti moja aiandike upya kwa Kiswahili kwa ajili ya mzazi wa mgonjwa, na alama zake zihesabiwe. Kikwazo ni msahihishaji. Mwalimu wa patholojia hakuzoea kupima Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili, mwepesi wa kulaumu tiba kwa Kiingereza chake, mara nyingi hajawahi kuinama juu ya hadubini. Itabidi waketi meza moja, na idara za Kiswahili ndizo zinazopaswa kupeleka barua ya kwanza.