Kamasi Kooni, Dawa Tumboni

Pua na sainasi hutoa karibu lita moja ya ute kwa siku, na mtu huumeza bila kujua. Adha huanza ute unapokuwa mzito au koo linapowasha: ni kusafisha koo kutwa, na usiku kuhisi kitu kimenasa. Wapo wanaoitibu hali hiyo kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa hoja kwamba asidi ikipanda hadi kooni huliwasha.

Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha jaribio la watu 75. Kwa waliomeza lansoprazoli, ndugu wa omeprazoli, mara mbili kwa siku kwa wiki 16, mgonjwa wa katikati ya kundi alipata nafuu ya asilimia 50. Kwa waliopewa kidonge bandia, asilimia 5. Ila waliochaguliwa hawakuwa na aleji wala maambukizi ya sainasi. Jaribio la Uingereza la 2021, la watu 346 wenye adha sugu za koo, halikuona tofauti yoyote kati ya dawa hiyo na kidonge bandia.

Sharti hilo la kutokuwa na aleji ndilo linaloikwamisha hoja ikifika Bariadi, mkoani Simiyu, Tanzania. Kiangazi cha Simiyu ni vumbi tupu, na ndio msimu wa pamba: kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) nyuzi huelea hewani mpaka nyusi za wapakiaji zikawa nyeupe. Jioni kuna moshi wa kuni. Pua iliyoshinda humo ina kesi yake yenyewe, na tumbo halijashtakiwa bado. Inahitaji kuoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na dawa ya kupuliza puani yenye steroidi itumike kila siku kwa wiki kadhaa.

Duka la dawa nalo huuza kulingana na hela iliyopo mkononi. Bahasha ndogo iliyoandikwa 1×2, vidonge vya siku tano, haithibitishi wala kukanusha lolote, hasa vikimezwa baada ya ugali badala ya nusu saa kabla. Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinadai makohozi yapimwe kifua kikuu kwanza.

Mwenye kiungulia, ambaye maji machungu humpanda mdomoni akilala, ana haki ya kujaribu omeprazoli. Kama atapimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kinyesi, aiache wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema hana wakati anao.