RAM ilikata unite, risiti haikukatwa hadi leo

Kila mwenye kabine pale Kapata ana daftari. Ndani yake ameandika: mama wa makala, franka 500, deni, kijana wa baiskeli, franka 1000, amelipa nusu. Daftari lina alama za mafuta ya mikate na pembe zake zimekunjika, lakini mteja akiuliza feza yake ilikwenda wapi, anajibiwa kabla maji ya chai hayajachemka. Leta ya Kongo, yenye mawaziri, wakaguzi na magari ya vioo vyeusi, ilikata unite za wananchi zaidi ya mwaka mzima, kisha ikaacha. Daftari lake hakuna aliyekuja kulisoma Kapata.

Na cha kuchekesha ni kwamba kodi yenyewe iliitwa daftari. RAM, kwa Kifaransa Registre des Appareils Mobiles, maana yake ni daftari la simu za mkononi. Ilianza kukatwa mwaka 2020, wakati watu wangali na barakoa usoni na kazi zimelala. Mwenye simu ndogo ya 2G alitakiwa kutoa karibu dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G, dola 7, yaani karibu franka 14 000 kwa bei ya dola ya siku zile. Hakuna aliyepanga mstari mbele ya dirisha la ofisi wala aliyepewa karatasi yenye muhuri. Mtu alitia unite, akageuza kichwa kumwambia mtoto akae vizuri, akarudisha macho kwenye simu: unite zimepungua. Wengi walienda kugombana na mwenye kabine. Yule maskini aliapa kwa jina la mama yake kwamba ametuma zote, na safari ile alisema kweli.

Sababu zilizotolewa na wakubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupiga vita simu za bandia. Ya pili, kumlinda mwenye simu asiibiwe, kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI, na namba hiyo ikiwa imeandikwa, simu iliyoibwa inaweza kufungwa.

Hizo sababu zilistahili kusikilizwa, na watu walizisikiliza. Lakini simu ya bandia ikishalipiwa, inakuwa ya kweli? Kama ni hivyo basi RAM ilikuwa ubatizo: unaingia mpagani, unatoka na jina la mtakatifu. Na kuhusu wezi, simu iliyonyakuliwa sokoni ilipata mwenyeji mpya, mwenyeji mpya akatia unite, naye akakatwa. Pengine hiyo ndiyo adhabu pekee ambayo RAM ilimpa mwizi, dola 7 kwa mwaka, sawa na yule aliyeibiwa.

Wanasheria walishika jambo zito zaidi. Katiba ya inchi hii, ya mwaka 2006, inasema katika kifungu cha 174 kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sheria inapigiwa kura na Bunge. RAM haikuzaliwa Bungeni. Ilitoka katika maandishi ya serikali, kisha ikaingia moja kwa moja ndani ya simu. Ndiyo maana wabunge walipiga kelele, vijana wa vyama vya kiraia wakaandamana, na mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ikaiondoa. Waziri wa Posta na Mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, aliyeitetea mbele ya Bunge kwa miezi mingi, ndiye aliyebaki kueleza kuondoka kwake. Watu wa Kapata walishangilia kidogo, halafu wakauliza swali ambalo mtoto wa shule ya msingi angeuliza: zile zilizokwisha kukatwa?

Kimya. Anayeondoa mkono wake mfukoni mwa jirani hajamrudishia bado kile alichotoa humo.

Swali hili linauma zaidi hapa kuliko Kinshasa, na kuna sababu. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka Lualaba. Jiwe linachimbwa Kolwezi, linapita Musompo au linatoka moja kwa moja kiwandani, linapanda lori kuelekea Kasumbalesa, linavuka mipaka na bahari, linaingia ndani ya betri. Betri inaingia ndani ya simu. Simu inarudi Kolwezi ikiwa imefungwa katika karatasi ya nailoni, inalipa forodha, inalipa TVA ya asilimia 16, na baada ya hayo yote RAM ikaja kuiuliza: wewe ni nani? Kapata ingeweza kujibu kwa niaba yake. Ni mtoto wa hapa hapa, aliondoka akiwa jiwe.

Mtu atasema Leta haina nguvu mbele ya makampuni makubwa, iwe ya madini, iwe ya simu. Hiyo si kweli, na kobalti yenyewe ni shahidi. Mwezi wa pili mwaka 2025 Leta ilisimamisha kupeleka kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na malori yakasimama. Baadaye mwaka uleule ikaleta mfumo wa kiasi maalumu kwa kila kampuni. Basi inapotaka, inaweza. Bei ya mega ndiyo haijapata bahati ya kupendwa kama bei ya kobalti.

Na mega, kwa familia zilizohamishwa, si kitu cha mchezo. Watu waliotolewa katika nyumba zao kwa sababu ya migodi wametawanyika: huyu yuko Kapata, yule Luilu, mwingine Kanina, mwingine amepanga chumba kimoja huko Manika na watoto sita. Zamani jirani aliitwa kwa sauti juu ya ukuta wa parsele. Leo anaitwa kwa mega. Orodha ya wanaodai malipo iko kwenye WhatsApp. Siku ya mkutano inatangazwa kwenye WhatsApp. Picha ya nyumba kabla haijavunjwa, picha ya karatasi ya parsele, picha ya alama nyekundu iliyochorwa ukutani na wapimaji, vyote viko ndani ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Malipo nayo, yakija, mara nyingi mtu anaombwa namba ya simu kwanza. Simu ikikosa unite siku ambayo jina linaitwa, aliyeitwa anaandikwa hayupo. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema hakuna wa kunyang'anywa mali yake bila fidia ya haki inayotolewa kabla. Hakikusema kwamba mwenye mali lazima awe na mega 100 ili haki hiyo imfikie.

Picha hizo zina nguvu, na wakubwa wanalijua hilo. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa ili migodi ipanuke, pamoja na habari za Cité Gécamines. Waliongea na wenyeji, wakatazama hati na picha, hata picha za setilaiti. Setilaiti inaona paa lililotoweka. Haioni mama aliyepewa siku chache za kuhama, wala haisikii alichoambiwa mlangoni. Hilo linahitaji simu ya mtu aliyekuwepo.

Sasa mtu aliyekuwepo anatishwa na nini? Mwezi wa tatu mwaka 2023 inchi ilipata Kanuni ya Dijitali. Ina mambo mazuri ndani yake, juu ya siri za watu na biashara ya mtandaoni, na hayo yasikataliwe. Lakini kifungu cha 360 kinamwadhibu anayeanzisha au anayepitisha habari ya uongo juu ya mtu mwingine kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya franka 500 000 hadi milioni 1. Neno la kutisha ni hilo la kupitisha. Mama aliyepokea sauti kwenye WhatsApp kwamba kesho wapimaji wanakuja, akaipeleka kwa mashemeji wake watano, amepitisha. Wapimaji wasipokuja na jina la mkubwa fulani likiwa limetajwa, ni nani atapima kama alidanganya au alionya? Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023, na kanuni hii ilikuwa kati ya sheria alizoshitakiwa nazo. Alikaa gerezani miezi sita na zaidi kabla ya kutoka Machi 2024. Yeye alikuwa na mawakili, na dunia ilikuwa ikiuliza habari zake kila siku. Muuza makala hana vyote viwili.

Halafu kuna ule mkasi mkubwa zaidi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, na SMS nazo. Mshauri wa rais wa wakati ule, Barnabé Kikaya, alieleza kwamba ni kwa ajili ya utulivu, kwa kuwa matokeo ya uongo yalianza kusambazwa. Mambo hayo yalidumu karibu siku 20. Hata redio haikupona: siku chache baadaye RFI ilifungiwa mawimbi yake. Intaneti ilirudi siku zilezile Mahakama ya Katiba ilipokuwa inathibitisha matokeo, kama mtoto anayeruhusiwa kurudi sebuleni wageni wakishamaliza kula nyama. Na haikuwa mara ya kwanza. Januari 2015 watu waliandamana juu ya sheria ya uchaguzi, ikakatwa. Mwisho wa 2017 Wakatoliki waliandamana, ikakatwa. Wakati huo waliojitetea walishika sheria ya mawasiliano ya mwaka 2002, kifungu cha 46, kilichoipa Leta ruhusa ya kuzuia mawasiliano. Sheria mpya ilikuja Novemba 2020, na mlango ule haikuufunga kwa msumari.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulipita bila inchi kuzimwa namna ile. Uongo ulikuwepo, matusi yalikuwepo, na Kongo haikupasuka. Hoja ya utulivu ilijibiwa siku hiyo.

Starlink nayo ilipewa somo lake la sarufi. Machi 2024 ARPTC, ile mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilitangaza kwamba kuitumia ni kosa. Mei 2025 ikapewa leseni. Sahani ileile, anga lileile, miezi 14. Mwenye kambi ya mgodi atanunua sahani. Mwenye chumba kimoja Manika ataendelea kununua mega za siku moja usiku wa manane, wakati ni rahisi na watoto wamelala.

Kinachodaiwa Kapata si kigumu. Serikali itoe hesabu ya RAM: kilichokatwa katika mikoa yote, kilichoingia hazina, kilichobaki kwa wapatanishi, na isomwe kwenye redio kwa Kiswahili, si kuachwa katika tovuti ya Kifaransa ambayo kuifungua ni mega nyingine. Wabunge wa Lualaba waulize Bungeni kama feza hiyo inaweza kurudi, hata kwa unite. Sheria ya 2020 iandikwe wazi kwamba hakuna wa kukata intaneti bila jaji, bila muda, bila jina la aliyesaini. Kifungu cha 360 kitenganishe muongo na mtu aliyeogopa akawaambia ndugu zake.

Na wanaotangaza majina ya familia za kulipwa wabandike orodha pia ukutani, kwenye ofisi ya shefu wa mtaa, kwa herufi kubwa, siku saba kabla. Karatasi haihitaji unite, na mzee asiyejua kusoma atamleta mjukuu.