Mbolea Inamfuata Mwenye Shamba, Si Mwenye Jembe

"Mwalimu, ujumbe bado?"

Kila Machi, mama anayekodi shamba langu hunipigia simu na swali hilo hilo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nairobi. Shamba ni ekari nne, upande wa Kwanza, Trans Nzoia. Anayelima ni yeye, anayepalilia ni yeye, na mvua ikikatika, hasara ni yake. Ila ujumbe wa mbolea ya ruzuku huingia kwenye simu yangu. Wakulima walipoandikishwa, nilifika kwa chifu na kitambulisho, nikasema nina ekari nne. Sikudanganya, ninazo. Hakuna aliyeniuliza zinalimwa na nani.

Ruzuku yenyewe siibezi. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Septemba mwaka huo serikali ikaushusha hadi 3,500, na Agosti 2023 hadi 2,500. Kwetu ekari moja ya mahindi hutiwa mfuko wa DAP wakati wa kupanda, na mfuko wa CAN mahindi yakifika magotini. Ekari nne, mifuko minane. Ukiokoa hata 2,000 kwa kila mfuko, hizo ni 16,000. Mama huyu hunilipa kodi ya 12,000 kwa ekari.

Basi nikiri. Msimu wa kwanza nilimtoza shilingi 500 zaidi kwa kila mfuko, nikaziita nauli. Nauli ya nani? Mimi sikutoka Nairobi. Nilikituma kitambulisho changu kwa basi la usiku, yeye akakipokea Kitale alfajiri, akapanga foleni kwenye ghala la mbolea kutwa nzima kama mtu aliyetumwa na tajiri wake. Karani akaitazama picha, akamtazama yeye, akamwambia arudi na mwenye kadi. Wiki iliyofuata mpwa wangu alikwenda kumsaidia. Majirani walikuwa wameshapanda. Hakulalamika, alisema tu, "Ni sawa, Mwalimu," na hadi leo sawa hiyo inanikera kuliko tusi.

Mwaka 2024 nchi nzima ilipiga kelele juu ya mbolea ya ruzuku iliyogunduliwa kuwa chini ya kiwango, na ilistahili. Lakini mfuko ulio safi ukimfikia mtu asiyekuwa na jembe, nani atapiga kelele? Kijijini kwetu kuna mzee ambaye sasa hukodisha kwa bei mbili: shamba tupu, na shamba pamoja na ujumbe. Serikali inashusha bei ya mbolea, yeye anapandisha kodi, na tofauti inaishia mfukoni mwake. (Yangu iliishia kwenye nauli ya uongo, kwa hiyo simcheki sana.)

Orodha ya wakulima wa ruzuku ifunguliwe upya kila Januari, na iandike anayelima msimu huo. Mzee wa kijiji hahitaji kompyuta kujua nani amekodi wapi. Mapatano ya kodi kwetu hufanyika mbele yake. Najua kinachowatia hofu wenye mashamba wenzangu: mpangaji akiandikwa serikalini, kesho atadai ardhi. Basi fomu iseme wazi kwamba ni ya mbolea ya msimu mmoja, iwe na sahihi za pande zote mbili, na ife mahindi yakivunwa. Hatimiliki ibaki kabatini ilipo.

Mwaka huu nilimpigia chifu nikamwomba jina langu litolewe, la mama liingie. Akacheka. "Mwalimu, kutoa jina lako naweza. Kuingiza lake, mfumo utaniuliza shamba lake liko wapi."

Nikamwambia aliache kwanza. Kitambulisho nimekituma tena kwa basi la usiku, safari hii bila nauli.