Kwa nini dishi hukata mvua ikija, na je, linatabirika?

Masika yakishika, malalamiko ni yale yale kuanzia Mkinga hadi Pangani: wingu likitanda, king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Wengi humlaumu fundi, wengine hupanda juu ya bati kuzungusha dishi. Usipande. Dishi halijahama, mvua imekaa njiani.

Setelaiti ya televisheni iko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Karibu safari yote hiyo mawimbi hayapati shida. Kazi iko kwenye kilomita 5 za mwisho, tabaka la chini la hewa lenye mvua. Mawimbi yanayopokelewa na madishi madogo yana urefu wa sentimita 2 na nusu tu, na tone kubwa la mvua hufika milimita 5, ukubwa unaotosha kuyanyonya na kuyatawanya. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3, hayajali tone. Ndiyo maana redio ya betri huendelea kuongea runinga ikiwa imekata.

Kuna jambo ambalo mafundi wachache hulieleza. Setelaiti inayotumiwa na Azam iko nyuzi 7 mashariki, na Tanga iko nyuzi 39. Kwa hiyo dishi hilo linatazama magharibi, upande wa bara, likiwa limeinuka nyuzi 52 hivi. Mvua inayolikata ni ile iliyo ndani ya kilomita 4 upande huo. Ikitokea bara, picha inaweza kuondoka kabla tone la kwanza halijagonga bati lako. Ya baharini haikati kitu hadi ifike kwako.

Je, inatabirika? Kwa hesabu ya mwaka, ndiyo. Kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, huanza na mvua kali inayonyesha kwa asilimia 0.01 tu ya mwaka, yaani dakika 53 hivi, kisha hukadiria mawimbi yatapungua kiasi gani. Shida ni kwamba hesabu hiyo inataka mvua ipimwe dakika kwa dakika, na vipima mvua vyetu vingi husomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi. Milimita 60 za usiku kucha na milimita 60 za saa moja huingia daftarini kwa namba ile ile. Kwa dishi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na dakika hizo huangukia siku mbaya. Mei 2024 TMA ilipotahadharisha kuhusu kimbunga Hidaya, kilichofika karibu na Mafia tarehe 4, watu wa pwani walihitaji taarifa kila saa. Anayetegemea dishi peke yake angeweza kukosa tangazo. Hata redio haijasalimika: mtambo wa FM ulio mbali na studio, kama unapokea matangazo kwa setelaiti, nao unaweza kunyamaza.

Mimi naona tahadhari ya mvua kubwa ichukuliwe na vituo kuwa tahadhari ya mawasiliano pia. Tangazo lirudiwe kukiwa bado kukavu, na mtambo uwe na njia ya pili, faiba ikiwezekana. Mvuvi aliye dago hana king'amuzi. Ana redio ndogo na simu, na habari inatakiwa imfikie jioni, kabla hajasukuma ngalawa majini.