Kijana wa Kisumu, gitaa lako limefanana na la kila mtu

Wacha nikuulize. Gitaa lako likiegemezwa jukwaani na mengine manne, utalijua vipi kabla hujaligusa? Kuanzia Kondele hadi Homa Bay, gitaa la umeme ambalo wengi wetu tunaanza nalo ni lile lile: nakala ya Stratocaster, nyeusi au ile ya kahawia inayofifia kuwa njano katikati, na pikigadi nyeupe. Limeundwa mbali, likapakiwa na wenzake, likaning'inizwa dukani likikusubiri umalize kuchanga doo. Sasa ni lako, lakini kwa sura bado ni la dukani.

Pikigadi, kama hujawahi kuiita kwa jina, ni lile bapa la plastiki lililofungwa kwa skrubu chini ya nyuzi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia kucha na kile kipande cha kupigia zisikwaruze mbao. Kwa Stratocaster imebeba mzigo zaidi: pikapu tatu (si zile za kubeba kabeji kwenda Kibuye, ni sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), vitufe vya sauti na swichi, vyote vimefungwa juu yake. Ukiinua bapa hilo umeinua karibu utumbo wote wa gitaa.

Nasema ni hilo bapa unalopaswa kulibadilisha, na ulibadilishie hapa hapa Kisumu, kwa mkono wa mtu unayeweza kumpigia simu. Kuagiza mtandaoni pikigadi yenye kumetameta ni kuhama tu kutoka duka moja hadi lingine.

Najua utakachoambiwa. "Kijana, jifunze kupiga kwanza." Na wanaosema hivyo wana mfano mzito. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki hapa Kisumu mwaka wa 2006 katika ajali ya barabarani, aliitwa mfalme wa benga kwa sababu ya vidole na maneno yake, si kwa sababu ya plastiki yoyote. Sawa kabisa. Lakini angalia kizazi chake kilifanya nini. Gitaa lilikuja kwao likiwa mgeni, nao wakalifundisha kuongea kama nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi nane. Walilibadilisha mahali walipohitaji kulibadilisha, kwenye mlio. Wewe umerithi mlio huo ukiwa tayari, lakini wenzako wa umri wa miaka 20 wanadhani benga ni ya matanga na ya wazee wanaokunywa pole pole Jumapili jioni. Na hao wenzako watakuona kwanza kwenye simu, ndani ya matatu, sauti ikiwa imezimwa. Macho yao yatafika kwako kabla ya masikio. Hapo ndipo pikigadi nyeupe inakuangusha.

Isitoshe, sisi si watu wa kuonea rangi aibu. Kumbuka matatu. Sheria za Michuki za mwaka wa 2004 zilileta mstari wa manjano na kufuta michoro, wachoraji wakakosa kazi, na ilibidi wangoje hadi 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akasema michoro irudi. Leo tuktuk ya mjini ina maneno nyuma, boda ina stika hadi kwenye tangi. Shuka Dunga uone mashua: mbao zimepakwa rangi na ubavuni zina majina. Mvuvi anayeamka usiku kutafuta omena anajua chombo chake lazima kijulikane kwa mbali. Mpiga gitaa je?

Kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Wengi wetu tulijifunzia kanisani, na gitaa ni la kanisa. Hutalipaka mwili rangi, pasta hatakuelewa, na ana haki. Lakini pikigadi inafunguka. Nunua au chonga yako, ifunge unapoenda kupiga shoo Jumamosi kwa ruhusa ya mwenye gitaa, kisha Jumapili ile nyeupe irudi mahali pake. Hata kama gitaa ni lako, usiipake ile ya asili. Itie kwenye bahasha pamoja na skrubu zake. Siku ya kuuza, mnunuzi ataiulizia.

Haya, kazi yenyewe. Legeza nyuzi, fungua skrubu, na kabla hujavuta chochote piga picha ya nyaya kwa simu. Kwenye nakala nyingi za Strat nyaya tatu zitakuwa zimeshika mwili wa gitaa: mbili zinaenda kwenye tundu la kebo na moja nyuma, kwenye springi za daraja. Kama hujui kulehemu, fundi wa redio yeyote atazitoa na kuzirudisha kwa dakika chache. Upande wa nyuma wa bapa mara nyingi utaona karatasi ya aluminiamu. Usiibandue ukidhani ni takataka. Inapunguza ule mngurumo wa umeme unaosikika ukinyamaza kupiga. Na ukihamia pikigadi mpya, weka nyingine, ila hakikisha waya wa mlio haigusi hapo, la sivyo gitaa litakuwa bubu.

Weka ile ya zamani juu ya plastiki mpya na uchore ukingo wake pamoja na kila tundu. Usiamini vipimo vya mtandaoni. Stratocaster za kwanza za 1954 zilikuwa na skrubu 8, baadaye zikawa 11, na kampuni zinazonakili zinatoboa zinapotaka. Wanaotengeneza mabango ya maduka hubaki na vipande vya plastiki ngumu, hata ile angavu kama kioo, na wana misumeno ya kuikata. Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Ikizidi hapo, nati za vitufe hazitafika kwenye uzi wake.

Ukichagua rangi, ikwaruze kwanza plastiki kwa msasa laini, paka praima ya plastiki, kisha tabaka nyembamba nyembamba, na vanishi juu. Usiharakishe. Joto la Kisumu na jasho la mkono wako vitakutana hapo hapo kila shoo, na rangi isiyokauka vizuri itakushika kama gundi katikati ya solo.

Mimi lakini rangi si chaguo langu la kwanza. Ningekata plastiki angavu na kubandika kitenge chini yake, ili kitambaa kionekane na kisiguswe na jasho. Au ningeenda kwa ngozi ya mbuta. Viwanda vya minofu hubaki na ngozi za samaki huyu, na hapa Kisumu kuna watu wanaozilainisha kuwa ngozi ya viatu na mikoba. Ina mistari ya magamba ambayo hakuna kiwanda cha magitaa kimewahi kuchapisha. Nyembamba, ibandikwe juu ya plastiki nyembamba, mashimo yakatwe kwa wembe. Jamaa wa gitaa la rhythm akiuliza ni ngozi ya nyoka, mwambie ni ya samaki aliyeliwa juzi. Gugumaji lililosukwa linapendeza kwenye vikapu, ila kwa gitaa ni nene na linanyonya unyevu. Hilo niachie.

Na kama huna pesa hata kidogo, bado hujakwama. Stevie Ray Vaughan wa Texas alibandika herufi tatu za jina lake, SRV, kwenye pikigadi nyeusi ya gitaa lake lililochakaa. Ni herufi za kubandika tu. Mwaka wa 1992, miaka miwili baada ya kifo chake, Fender ilianza kuuza gitaa la jina lake likiwa na herufi zizo hizo, na mashabiki wakalipa. Zako zinauzwa pale stendi, kwa wauza stika za boda.

Jambo la mwisho ni malipo. Mchoraji wa mabango atakuambia ni kazi ndogo, na wewe utashawishika kumwomba akufanyie bure kwa sababu "ni kabapa tu, bro". Mlipe. Anaandika kwenye eneo dogo kuliko sahani, lenye matundu kumi na ushee, ambapo mkono ukiteleza hakuna pa kuficha. Mweleze mapema vitufe vinakaa wapi ili asichore uso wa mtu halafu swichi ikatokea puani. Akimaliza, mwombe aandike jina lake na namba ya simu upande wa nyuma. Kamera ikikukuta jukwaani, watu watauliza nani alichora, na utakuwa na jibu.