Zimeni Hizo Kelele!

Haya wanakompyuta wenzangu, leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Leo nina ugomvi.

Chukua simu, pakua programu tatu nne za kufunza watoto kuhesabu, kisha uzifungue. Muziki unalipuka kabla hujabonyeza kitu. Nyota zinarukaruka kila pembe. Mtoto akipata jibu, vigelegele. Akikosa, honi! Sisi tunaoziunda tunasema hivyo ndivyo watoto wanavyovutiwa. Mimi nasema ni uvivu.

Kuna watoto wenye usonji ambao makelele hayo yanawaumiza, tena kweli kweli. Si deko, wala si ukosefu wa kiboko. Ubongo wao hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa namna yake. Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unalitaja jambo hili miongoni mwa dalili za usonji. Na watoto hao hawafanani: mmoja huziba masikio blenda ikinguruma, mwingine huifuata blenda hiyo hiyo akaiegemezea sikio.

"Sasa mimi nitajuaje yupi anataka nini?" Hutajua. Ndiyo maana unampa swichi!

Wala usiniambie haya ni mambo mapya. Mwongozo wa WCAG 2.0 ulitoka 2008, na unasema sauti inayojianzisha yenyewe ikapita sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuizima au kuipunguza. Kwenye CSS tuna prefers-reduced-motion, ambayo Safari iliipokea 2017 na vivinjari vingine vikubwa vikafuata. Mtumiaji ameshaiambia simu yake kwamba hataki vitu virukeruke. Kazi yako ni kumsikiliza tu. Mistari michache, basi.

Wengine watasema mtoto avae viziba masikio. Sawa, huwasaidia wengi. Lakini wako wasiostahimili kitu chochote kuwagusa kichwani. Hao je?

Fikiria mwalimu aliye na darasa lililojaa, chini ya paa la mabati, mvua inanyesha na matatu zinapiga honi barabarani. Hawezi kuizima mvua. Hawezi kuzinyamazisha matatu. Tableti ndiyo kelele pekee iliyo mkononi mwake, na kitufe cha kuizima sisi tumekificha ndani ya menyu tatu. Aibu!

Kwa hivyo nadai haya:

1. Programu ya mtoto ianze kimya. Anayetaka muziki auwashe.
2. Sauti, mtetemo na miondoko viwe na swichi mbalimbali, tena kwenye ukurasa wa kwanza.
3. Chaguo likumbukwe. Usimlazimishe mtoto kupigana vita vile vile kila asubuhi.
4. Ukisasisha, usihamishe kila kitu ghafla. Kwa watoto wengi wenye usonji, mabadiliko bila onyo ni mzigo mwingine.
5. Kabla ya kuitoa, waite watu wenye usonji na wazazi waijaribu. Na uwalipe.

"Mteja hajaitisha hayo." Mteja hakuitisha honi pia, na uliiweka.

Anayebisha kwamba haiwezekani aniletee msimbo wake. Tutaketi naye, na nitamwonyesha mstari wa kubadilisha.