Pakiti Haiezeki Banda

Ndugu wananchi wa Kibiti na delta ya Rufiji, jambo la kuku wa mayai si dogo. Yai ndilo daftari la mtoto na chumvi ya nyumba. Miezi ya joto ikifika mayai hupungua, maganda huwa membamba, na mfugaji hukimbilia dukani kununua pakiti ya vitamini.

Hatusemi vitamini ni bure. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema. Akihema sana hula kidogo, tena hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili huitumia kutengeneza chokaa ya ganda. Vitamini C hujitengenezea mwenyewe, lakini joto likizidi haimtoshi. Hapo vitamini C na E humsaidia kweli.

Lakini pakiti haiezeki banda! Vitamini C iliyotiwa katika maji ya moto, chini ya bati la moto, huharibika upesi. Hiyo ni fedha kutupwa. Minazi tunayo: kwanza tutandaze makuti juu ya bati, tuache upepo upite, maji yawe mengi na ya baridi, chakula kitolewe alfajiri na jioni. Kisha ndipo vitamini, asubuhi, katika maji mapya kila siku.

Na wenye kuku kumi kumi waungane, wanunue kwa pamoja, wamwite Bwana Mifugo afike bandani. Kufika ni wajibu wake, si hisani. Mnyonge asiuziwe pakiti mahali pa elimu.